Karate: mtoto aje darasani au mwalimu aende nyumbani?

Watoto wa darasa la saba wanapomaliza mitihani yao mwezi Septemba, wazazi wa hapa Tanga huanza kutafuta mahali pa kuwaweka wasije wakazurura, na baadhi yao hufika katika ukumbi wetu wa karate, Ngamiani, ambako nawasaidia wanaoanza. Zamani waliuliza ada. Siku hizi wengi huuliza kama mwalimu anaweza kumfuata mtoto nyumbani akamfundisha peke yake. Nadhani tuisheni ndiyo iliyotuzoesha hivyo, kwa kuwa mtoto akiwa dhaifu katika hesabu hutafutiwa mwalimu wa jioni, na sasa hata teke linadhaniwa litaingia upesi likifundishwa barazani.

Jibu langu huwa ni hapana, walau kwa mwaka wa kwanza, ingawa historia ya karate yenyewe haiko upande wangu. Kule Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani ilikozaliwa karate, kabla ya karne ya 20, mwalimu alikuwa na mwanafunzi mmoja au wachache tu. Gichin Funakoshi, ambaye mwaka 1922 aliipeleka karate Tokyo, alijifunza usiku nyumbani kwa Anko Azato, akirudia kata ile ile, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa, kwa miezi kabla ya kuruhusiwa kwenda nyingine. Darasa la mistari, ambamo watu wengi hupiga ngumi kwa hesabu moja, lilishika mizizi baada ya Anko Itosu kuiingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne hiyo. Ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa kata tano za Pinan, ambazo wanaoanza wanazifanya hadi leo. Lakini Funakoshi alikwenda kwa Azato usiku baada ya usiku, kwa miaka, ilhali mzazi wa Raskazone hununua saa moja kwa wiki.

Saa hiyo ina faida yake, na sitaki kuidharau. Darasani mwalimu huona mikono na migongo, nyayo zikampita. Yupo mwanafunzi ambaye kila apigapo ngumi ya mkono wa nyuma, kisigino chake cha nyuma huinuka kidogo, na ngumi ikafika bila nyonga kuisindikiza. Mwanafunzi huyo akiwa peke yake, mwalimu huchuchumaa, akakikandamiza kisigino kile kwa kiganja, akamwambia apige taratibu, kisha tena, mpaka nguvu ianze kupanda kutoka sakafuni, ipite gotini na kiunoni ndipo ifike begani. Katika darasa lenye watu thelathini hakuna anayepata nafasi hiyo.

Kinachokosekana nyumbani ni miili ya watu wengine. Mwalimu aliyebobea hukuletea shambulio kwa umbali unaofaa na kwa kasi unayoimudu, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa utakuwa umemzoea yeye, si mapambano. Siku utakapopangwa na kijana anayevuta nyavu pale Deep Sea, mwenye mikono mirefu na asiyefuata mdundo wowote, au na binti mfupi anayeingia chini ya kiwiko chako kabla hujajipanga, utagundua kwamba kinga yako ilikuwa ya mtu mmoja. Katika judo jambo hili liko wazi zaidi: Jigoro Kano, mwasisi wa judo aliyeanzisha shule yake, Kodokan, mwaka 1882, aliweka randori, yaani kushindana kwa uhuru, kuwa nguzo ya mazoezi pamoja na kata, na mizani ya mwili wa mtu mmoja haiwezi kukufundisha mizani za wote.

Kuhusu watoto, nina sharti ambalo silijadili: mafunzo ya peke yake yafanyike mzazi akiwa amekaa pale pale anapoona, hata kama mwalimu ni jirani anayeheshimika mtaa mzima.

Mpango ninaoupenda tumeuona sote chuoni, tulikosomea Kurani: watoto wamekaa pamoja, kila mmoja na ukurasa wake, huitwa mmoja mmoja kumsomea mwalimu, na wakubwa huwasikiliza wadogo. Ukumbini kwetu, wengine wakifanya mazoezi ya wawili wawili, mwenye mkanda wa kahawia humvuta mmoja kando ya ukuta kwa dakika chache, akamrekebisha, akamrudisha kwa mwenzake. Hilo halina malipo ya ziada, na wazazi wengi hawajui kwamba lipo.

Wapo ninaowakubalia vipindi vya peke yao bila kusita, kama mtu mzima anayerudi mazoezini baada ya kuumia goti, au mwanafunzi anayekaribia mtihani wa mkanda na kata inamkatikia kila mara kwenye mgeuko ule ule. Hao nawaomba waje na swali moja mahususi, kisha wiki hiyo hiyo warudi darasani wakalijaribu jibu kwa mtu ambaye hajui walifundishwa nini.