Nilivyowapima ndugu zangu kabla ya kuwaachia mzee

Baba alipigwa kiharusi mwezi wa Ramadhani. Upande wa kulia ukalala wote na maneno yakaenda nao. Hilo la maneno ndilo lililoninyima usingizi, maana mtu asiyeweza kusema "unaniumiza" ataumizwa kutwa nzima na haohao wanaompenda.

Likizo yangu ilikuwa inakwisha. Narudi kazini Dar, mzee namwacha Tanga na mdogo wangu wa kiume, wifi na binti wa kazi. Jirani akanishauri, "Waulize tu kama wataweza." Nikawauliza. Wote wanaweza! Nikachukua daftari, nikawatungia mtihani kama mwalimu wa zamu. Mzee anageuzwa kila baada ya muda gani? Saa mbili. Shati linaanza kuvaliwa mkono upi? Mbovu. Kuvuliwa? Mzima. Mdogo wangu akapata yote. Hata nusu saa haijapita, namkuta anamwinua baba kwa kuuvuta mkono uleule mbovu, mzee kakunja uso mpaka jicho limefumba. Bega lililopooza misuli yake haina nguvu ya kulishikilia, ukilivuta linaweza kuchomoka.

Usiku ule nikaufunga mkono wangu wa kulia kwa kanga, nikajilaza kitandani. "Haya, mimi ndiye mzee. Siongei." Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mdogo wangu kiti alikiweka upande mbovu, akaninyanyua, nikamlalia kama gunia la mkaa, tukaenda chini wote wawili na stuli ya dawa.

"Kiti upande mzima!" bubu nikapiga kelele.

Mara ya tatu akanikumbatia kiunoni, magoti yake yakazuia yangu, nikasimama bila kujua nimesimamaje.

Wifi kugeuza anajua, ila aliniburuta shukani badala ya kunibingirisha. Makalio yalipata moto mimi mwenye ngozi nzima, sembuse mzee wa miaka sabini na kitu. Vidonda vya kulalia huanzia hapohapo. Mito mitatu ya kumwegemeza akigeuzwa ilinigharimu kama elfu thelathini. Godoro la upepo wanalosifia ni zuri, lakini halimgeuzi mtu.

Binti wa kazi ndiye aliyenitoa jasho. Aliniketisha wima, kidevu nimekiinamisha kidogo, uji mzito, kijiko cha chai. Akasubiri nimeze. Kisha akanifunua shavu la kulia kuangalia kama kuna kilichobaki. Hilo la shavu hakuna aliyemfundisha, aliliona kwa baba. Nikataka kulala, akanizuia: "Bado nusu saa, dada."

Halafu akaniuliza, "Na wewe nani amekupima?"

Akaketi yeye. Kijiko cha tatu akapaliwa, kikohozi mpaka machozi.

"Dada, unalisha kama unawahi basi."

Siku hizi nikifika Tanga napewa mashuka nifue. Uji wa mzee siruhusiwi kuugusa.