Fomu niliyokuwa nikiiamini

Jioni hii nimeketi barazani hapa Nyegezi, upepo wa ziwa ukipoza joto la mchana, nikizipitia tena karatasi za wanafunzi ninaowashauri kitaaluma. Kwa miaka kadhaa nimejipima kwa fomu ambayo chuo huigawa kila mwisho wa muhula: je, mshauri wako anapatikana, anakusikiliza, umeridhika naye? Majibu yalikuwa mazuri mwaka hadi mwaka, nami nikatulia nikiamini kwamba kazi inakwenda sawasawa.

Muhula huu niliongeza jambo dogo. Kabla mwanafunzi hajatoka ofisini, namwomba aandike mambo matatu: akokotoe mwenyewe GPA yake, yaani wastani wa pointi za masomo yake, ya muhula uliopita, aeleze somo alilofeli linamzuilia masomo gani ya mbele, na ataje ofisi atakayokwenda iwapo mkopo wake utachelewa.

Binti mmoja wa mwaka wa pili, mwenyeji wa Ukerewe, alitandaza matokeo yake mezani kwangu. Yalikuwa masomo matano: mawili ya krediti 15 kila moja, ambayo alipata C na B, na matatu ya krediti 10, ambayo alipata A moja na B+ mbili. Alijumlisha pointi zake, 2, 3, 5, 4 na 4, akagawa kwa tano, akapata 3.6. “Mwalimu, niko daraja la pili la juu,” akasema. Nikamwomba kwanza azidishe kila pointi kwa krediti za somo lake. Jumla ikawa 205. Alipoigawa kwa 60 akapata 3.4, ilhali daraja hilo linaanzia 3.5. Alirudia hesabu mara mbili, kidole kikifuata mistari, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba masomo hayalingani uzito.

Swali lile limenikaa moyoni. Nilikuwa nimesaini fomu zake za usajili wa masomo mihula mitatu mfululizo, nikamuuliza habari za nyumbani, nikamtia moyo, na nina hakika aliondoka kila mara akiwa ameridhika. Hata hivyo, usiku wake wote aliutumia kwa masomo madogo aliyoyapenda, na yale mawili makubwa akayasogeza hadi wiki ya mitihani.

Mwaka 1972 msomi Burns Crookston, huko Marekani, aliandika kwamba ushauri wa kitaaluma ni namna ya kufundisha. Nikilipokea wazo hilo kwa dhati, basi lazima nipime alichojifunza mwanafunzi, wala si namna anavyonifikiria tu. Zaidi ya nusu ya karatasi nilizo nazo zina kosa lile lile la krediti, na kosa linalorudiwa na wengi kiasi hicho ni langu mimi. Wiki ijayo nitawaita wale wa mwaka wa kwanza katika vikundi vidogo, kila mmoja akokotoe matokeo ya mfano mbele yangu, na mwisho wa muhula waandike tena ili nilinganishe karatasi mbili za mtu yule yule. Wenzangu wawili wana wasiwasi kwamba karatasi hizi zitatumiwa siku moja kuwanyima washauri vyeo. Wasiwasi huo nauheshimu, na nimeamua zangu zisitoke kwenye faili langu pasipo ridhaa ya wanafunzi wenyewe.

Binti yule alirudi Ijumaa. Nilikuwa nimemweleza kwamba krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, vipindi vya darasani vikiwemo, naye akaja na ratiba aliyoichora kwa rula: kila somo la krediti 15 lina saa 150, zimegawanywa kwa wiki 15, saa 10 kwa wiki. Jumamosi asubuhi ameiacha wazi, kwa kuwa siku hiyo humsaidia mama yake mdogo kuanika dagaa Igombe. Tumekubaliana arudi mwezi wa pili, matokeo yakitoka, akokotoe tena.