Baba Mdogo Si wa Lazima

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa dakika nne na sekunde kumi na moja. Baba mdogo si mtu wa sauti ndefu. Bando analihesabu kama anavyohesabu mikungu ya ndizi kabla lori halijaondoka Tukuyu. Niliusikilizia kwenye treni, hapa Hamburg, saa moja asubuhi, nimebanwa katikati ya watu wasiosemeshana. Dakika mbili za kwanza zilikuwa salamu, habari za mvua, na ng'ombe aliyezaa usiku. Halafu akakohoa.

"Sasa mwanangu, huyu kijana amenisomea ile barua yako ya kikao. Anasema humo mmeandika kwamba mimi si wa lazima. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena."

Kimya. Nyuma yake mvua inapiga bati. Kisha akaniombea heri na kazi njema, akakata. Nilipitiliza kituo changu.

Ili muone nilikokosea, nianzie kazini. Miaka sita iliyopita niliajiriwa kwenye ofisi inayoshughulika na makontena, na wiki ya kwanza tu kalenda yangu ikajaa mialiko. Sikujua kwamba mwaliko una madaraja. Kwetu Rungwe mtu akikuita, unaitika, basi. Nikahudhuria yote. Nakumbuka mkutano mmoja wa bima ya makontena yenye friji: saa nzima, sielewi kinachojadiliwa, na bado naandika kila neno daftarini kama katibu wa serikali ya kijiji. Mara ya tatu, mama mmoja ninayekaa naye jirani mezani akaniuliza, kwa upole kabisa, kule nafuata nini. Nikamjibu nimealikwa. Akafungua mwaliko kwenye kompyuta yake akanionyesha kwa kidole. Majina yalikuwa kwenye mistari miwili. Mstari wa juu watu wa lazima. Mstari wa chini watu wa hiari, na mimi nilikuwa wa mwisho huko chini.

Nilihisi uso unachoma. Yeye akaona ananipa zawadi. "Hapa tunakuambia kwamba muda wako ni wako," akasema. "Ukiona pana faida, njoo. Usipokuja, hakuna atakayekuuliza."

Na kweli, hakuna aliyewahi kuniuliza. Ilinichukua karibu mwaka kuamini kwamba kutoulizwa ni heshima.

Wale mnaotumia Outlook, programu ya barua pepe na kalenda, mtakuwa mmeiona mistari hiyo. Mwaliko ukifika kama barua pepe, wa lazima wanasimama pale pa mwandikiwa, wa hiari wanashuka kwenye nakala. Anayeandaa akitafuta muda, anaweza kuiambia programu imtafutie nafasi ambayo watu wa lazima wote wako huru, bila kujali wa hiari wana shughuli gani. Hiyo ndiyo faida yake kubwa: mkutano wa watu wanne hauahirishwi kwa sababu mtu wa tano, ambaye angekuja kusikiliza tu, yuko kwa daktari wa meno. Na si jambo la kampuni moja. Kanuni inayozifanya programu za kalenda zielewane, iCalendar, ilitangazwa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009, na ndani yake kila mwalikwa ana cheo: mwenyekiti, mshiriki wa lazima, mshiriki wa hiari, na yule anayetumiwa kwa taarifa tu.

Nilipovisoma vyeo hivyo nilicheka peke yangu, maana nilikuwa navijua. Yeyote aliyewahi kushika kalamu kwenye kikao cha shule au cha chama cha ushirika anavijua. Ukurasa wa kwanza wa muhtasari: Mahudhurio. Wajumbe waliohudhuria. Waalikwa. Walioomba udhuru. Wasiohudhuria bila taarifa. Tofauti ni kwamba mwalikwa wa kwetu, ambaye hana kura wala hahesabiwi kwenye akidi, ndiye anayewekwa meza ya mbele yenye kitambaa, na soda yake inafunguliwa kabla ya ya mjumbe yeyote. Cheo ni kilekile. Kiti ndicho kinachotofautiana.

Basi nikawa hodari wa hiari. Mpaka leo nikiandaa mkutano siwezi kumweka mtu mstari wa chini bila kumwandikia sentensi moja kwenye mwaliko: kwa nini nimemwita, na ni jambo gani likiguswa atapenda kuwepo. Nikiwekwa huko mimi, najibu. Kukaa kimya ni ubaya, kwa sababu mwaliko unaweza kukaa kwenye kalenda yako na kukulia kengele hata kama hujajibu, na mwenzako anaona tu kwamba hujajibu, hajui aagize viti vingapi. Bonyeza hapana, maisha yaendelee. Wasionifurahisha ni wale wanaorundika watu kumi na tano wa hiari ili baadaye pasiwe na wa kusema hakushirikishwa. Huo ni woga wa kuamua uliovishwa adabu, na umejaa maofisini huku kuliko mnavyodhani mkiwa nyumbani.

Sasa harusi.

Mdogo wetu wa mwisho anaolewa Desemba, Mbeya mjini. Vikao vilianza Septemba, kila baada ya Jumapili mbili, kwa video. Mwenyekiti ni kaka, mwenye duka la vipuri Mwanjelwa. Shangazi yuko Kyela, dada Dar es Salaam, binamu Iringa, na mimi huku. Mwanzoni tulikuwa tunakumbushana kwa WhatsApp, na kila kikao kilianza na watu wawili, wengine wakipigiwa simu mmoja mmoja. Nikasema hapana, mimi mtu wa ofisi, nitaweka kila kitu kwenye Google Calendar. Karibu kila mwenye simu janja ana barua pepe, hata asipojua kwamba anayo. Anuani ya baba mdogo, kwa mfano, aliifungua fundi simu pale Tukuyu stendi siku mzee aliponunua simu, na fundi akaweka jina alilolitaka yeye na tarakimu nyingi mbele. Tuliipata kwa msaada wa kijana wake wa mwisho, anayesoma chuo Mbeya na kurudi nyumbani wikiendi.

Nikiri na kosa lingine dogo hapa, tusirundike lawama zote kwenye mstari wa chini. Kikao nilikiweka saa moja jioni ya huku, ambayo mwezi Septemba ni saa mbili usiku Tanzania. Vizuri. Ikafika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ulaya wakarudisha saa nyuma, Tanzania haina mambo hayo, na kikao kikahamia saa tatu usiku bila mtu kugusa chochote. Shangazi aliingia na khanga ya kulalia, akauliza ni nani aliyekaa akaamua kusogeza kikao bila kumshirikisha. Nikajaribu kumweleza habari za majira ya baridi. Akasema, "Kwa hiyo saa ya Kyela inafuata baridi ya huko kwenu?" Dawa ilikuwa ndogo tu: ukiunda kikao, mahali pa saa pana sehemu ya kuchagua ukanda, ukichagua wa Tanzania kikao kinabaki saa mbili ya Tanzania mwaka mzima, na wewe wa ughaibuni ndiye unayehama. Ndivyo inavyopaswa.

Halafu video ya bure tunayotumia hukatika baada ya saa moja. Saa moja! Kwa familia ya Kinyakyusa hapo ndipo mnamaliza kuulizana habari za wagonjwa.

Kikao cha tatu cha Novemba ajenda ilikuwa moja: maturubai, viti, na nani apike. Baba mdogo ndiye aliyesimamia mazungumzo ya mahari tangu mwanzo mpaka mwisho, akiwa amekaa kwenye kigoda kile cha marehemu babu, na aliyamaliza kwa heshima. Ana miaka zaidi ya sabini. Anaamka alfajiri kwenda kwenye parachichi zake, na usiku mtandao wa kwao ukitaka uushike inabidi utoke ukasimame karibu na zizi. Nikafikiri: mzee huyu nimtese kwa bei ya viti vya plastiki? Nikapeleka mshale kwenye jina lake, pembeni pakatokea alama ya mtu, nikabonyeza. Chini ya jina likatokea lile neno, kwamba ni wa hiari. Nikatuma. Moyoni nilijiona mtoto mwema.

Nilichosahau ni kwamba orodha ya waalikwa inaonekana kwa kila mwalikwa, na lile neno pamoja nayo. Shangazi aliliona. Binamu aliliona. Dada aliliona na akaja kuniambia wiki nzima baadaye kwamba alidhani nimegombana na mzee kuhusu mahari, hivyo akaamua kunyamaza na kuniombea. Watu wanne wazima wanaangalia jina la mkubwa wao limebandikwa neno, na hakuna aliyeinua simu, kila mmoja anajua mwenzake anajua.

Nilimpigia kaka mchana wakati wa chakula. Nikamweleza kila kitu: muda wa mzee, mtandao, zizi, heshima ya ofisini, yule mama jirani yangu mezani. Kaka alisikiliza huku akimuuzia mtu bolti, naisikia bei. Mwisho akasema:

"Wewe umemwonea huruma."

"Ndiyo."

"Baba haonewi huruma, anaitwa. Kuja au kutokuja ni lake mwenyewe. Wewe umemwamulia halafu ukamwandikia."

Nikataka kumjibu kwamba ndiyo maana ya hiari yenyewe, kwamba anaachiwa aamue. Lakini nilikuwa na ile sauti ya mvua kwenye bati masikioni. Ukimwambia mtu wa Hamburg "si lazima uje," umemfungulia mlango atoke. Ukimwambia hivyo mzee wa Rungwe kuhusu harusi ya binti wa kaka yake, umemfungia nje. Maneno yaleyale, bwana.

Jioni nikabonyeza ile alama tena, neno likaondoka. Programu ikaniuliza kama nataka waalikwa wote wapelekewe taarifa ya mabadiliko. Kwa kawaida naikwepa hiyo, inawajazia watu barua pepe. Safari hii nikakubali, waone wote. Kisha nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Huko baridi imeshaanza?"

Tukaongea dakika ishirini. Bei ya parachichi imeshuka, madalali wanawafuata shambani wanachagua kubwa tu, ndogo wanamwachia mkulima. Yule ndama ni jike. Kuhusu barua hakusema neno, na mimi sikuthubutu kumkumbusha, nilisema tu, "Baba, Jumapili tunakutegemea kwenye kikao." Akasema, "Mungu akipenda." Mnaomjua mnajua maana yake.

Jumapili saa mbili usiku tukaingia. Shangazi na khanga. Binamu kutoka Iringa amejifunika koti na kofia, ndani ya nyumba. Dada yuko Dar, feni inazunguka nyuma ya kichwa. Baba mdogo hayupo. Tukasubiri dakika tano, kumi. Nikaanza kuhesabu dakika zetu sitini zinavyokwisha, na nikiri, nilianza kukasirika kidogo. Kaka akafungua kikao kwa sala, akasoma ajenda, kisha akarekebisha miwani akachukua karatasi.

"Kabla hatujaendelea. Nimepokea udhuru wa baba mdogo. Kuna mvua kubwa Tukuyu na ndama hajakaa sawa. Anasema anatuaminia, tuendelee, na uamuzi wetu ni uamuzi wake."

Wote tukaitikia, "Udhuru umepokelewa." Shangazi akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, kama vile mzee yupo hapo chumbani anamsikia.

Muhtasari niliuandika mimi usiku uleule. Waliohudhuria, watano. Walioomba udhuru, mmoja, nikaandika jina lake kamili na la baba yake. Wasiohudhuria bila taarifa, hakuna. Nikaambatanisha kwenye kikao palepale kwenye kalenda, maana faili ukiliweka kwenye kundi la WhatsApp kufikia asubuhi limezikwa na picha za maua. Sina hakika kama kuna aliyelifungua siku hiyo.

Jumanne asubuhi, treni ileile, sauti ikaingia. Sekunde kumi na nne.

"Mwanangu, nimesomewa. Jina langu nimeliona. Ndaga fijo. Sasa hayo maturubai, mbona mmekubali bei hiyo? Mwambie kaka yako anipigie."