Kitabu cha kutambulia buibui: tazama macho kabla ya rangi

Ukishika kitabu cha buibui dukani, ruka picha kwanza. Tafuta kurasa za mwanzo zinazokuongoza hadi kwenye familia, uone kama zina michoro ya mpangilio wa macho. Kama hazina, kirudishe kwenye rafu, jalada lake liwe zuri namna gani.

Buibui wengi wana macho manane, na familia nyingi zina namna yake ya kuyapanga. Warukaji (Salticidae) wana manne mbele, mawili ya kati makubwa kama taa za gari. Lycosidae, wakimbiaji wa ardhini ambao macho yao hung'aa ukiwamulika kwa tochi usiku, wana manne madogo chini, mawili makubwa juu yake, na mawili tena nyuma. Selenops, yule bapa anayejibana ukutani na kupotea kwenye ufa ukimsogelea, ana sita kwa safu moja mbele. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10 inatosha kuyaona haya, buibui akiwa ndani ya glasi.

Rangi hudanganya. Mfano mzuri ni Latrodectus geometricus, mwenye sumu, anayependa kukaa chini ya viti vya plastiki na kwenye kingo za vyungu vya maua. Mmoja ni kijivu cha maziwa, mwingine kahawia, mwingine karibu mweusi. Kitabu chenye picha moja tu ya mgongo wake hakikusaidii. Kizuri kitakuonyesha alama ya rangi ya chungwa au nyekundu chini ya tumbo, na zaidi ya hapo vifuko vya mayai: vimviringo vya rangi ya krimu vyenye vijimiba pande zote. Mara nyingi vifuko ndivyo vinavyomtaja kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Vitabu vya Ulaya viache. Vya Afrika Kusini vinafaa zaidi, kwa sababu familia nyingi ni zilezile tulizo nazo Kenya na Tanzania, na jenasi nyingi (makundi madogo ndani ya familia) pia. Lakini ishia hapo. Ukiona picha ya spishi ya Durban inafanana na wa kwako wa Tanga, andika jenasi tu. Spishi kwa kawaida huthibitishwa kwa viungo vya uzazi vya buibui aliyekomaa, chini ya hadubini. Mtoto hana viungo hivyo kamili, kwa hiyo hata mtaalamu mara nyingi hukwama. Kitabu kinachokiri hivyo kiaminike kuliko kile chenye jina kamili kwa kila picha. (Programu za simu zina ugonjwa huohuo, tena mbaya zaidi.)

Angalia pia vipimo. Urefu uwe wa mwili bila miguu, na dume atenganishwe na jike. Kwa wale wafumaji wakubwa wa utando wa dhahabu, jike ana sentimita kadhaa na dume ni milimita chache, utadhani ni mnyama mwingine aliyekuja kuiba chakula. Hapohapo utapima umri wa kitabu: spishi zetu kadhaa za kundi hilo zilihamishwa mwaka 2019 kutoka jenasi ya Nephila kwenda Trichonephila. Jina la zamani si sababu ya kukiacha, ila utalazimika kuhakiki majina kwenye orodha ya kimataifa ya buibui iliyo mtandaoni.

Kabla ya kulipa, kijaribu. Nenda na picha za buibui watatu wa nyumbani kwako, kila mmoja amepigwa mgongoni, usoni na chini ya tumbo, pamoja na utando wake: mmoja wa pembe ya dari mwenye miguu kama nyuzi, mmoja wa ukutani, mmoja wa uani. Kitabu kikikufikisha kwenye familia kwa wawili, kinunue. Ukitaka kukibana zaidi, ongeza wa nne: Myrmarachne wa kwenye mwembe, buibui anayejifanya majimoto (wale sisimizi wa mitini) hadi kuinua miguu ya mbele kama vipapasio. Kitabu cha picha tupu kitakuambia umeleta sisimizi.