Nilivyonaswa na Captain Beefheart

Mimi hutengeneza redio na spika hapa Kondele, Kisumu. Mwaka jana mteja aliniachia spika pamoja na flashi yake. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilidhani koni imepasuka. Nikaifungua. Ilikuwa nzima kabisa.

Ilikuwa Trout Mask Replica, albamu ya 1969 yenye nyimbo 28, ya Captain Beefheart, mwanamuziki Mmarekani aliyeitwa pia Don Van Vliet.

Nimelelewa na benga. Sikio langu hutafuta magitaa mawili yanayojibizana na besi inayokimbia chini yake. Humu kila gitaa lilishika njia yake, ngoma nazo njia ya tatu, na juu yake mzee anakoroma kama fisi. Niliirudia kila jioni nikifunga kibanda. Usiku wa nane hivi, ghafla nikasikia yale magitaa yakikutana, kisha yakaachana tena. Nywele zilinisimama.

Baadaye nikajua kwamba Beefheart alitunga mengi kwa kubonyeza piano asiyoijua, mpiga ngoma wake John French akayaandika, na bendi ikafanya mazoezi kwa miezi katika nyumba moja. Karibu hakuna kilichobahatishwa! Aliwatesa vijana wale wa bendi, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu vidole ni vyao.

Miaka ya themanini aliacha muziki akawa mchoraji hadi alipofariki 2010.

Mteja alipoifuata spika yake, nilimwomba kwanza ninakili ile flashi. Akakaa kwenye benchi, tukasikiliza pamoja mpaka giza likaingia.