Farasi asiye na malisho: kumlisha zizini asikonde

Mazizi mengi ya Nairobi, kuanzia Karen hadi Ngong, yana farasi wasio na pa kuchunga. Kiwanja ni udongo mtupu au ukame umekausha kila kitu, na jua likizama sharti waingie ndani, maana usubi ndio hueneza maradhi ya farasi ya Kiafrika. Farasi wa namna hii anaweza kunawiri mwaka mzima. Akikonda, watu hukimbilia nafaka, ilhali mara nyingi kosa liko kwenye nyasi kavu zinazokadiriwa kwa macho.

Kwa hiyo anza na tepi na mizani. Zungusha tepi kifuani, nyuma tu ya viwiko vya miguu ya mbele, ipite juu ya mabega. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Mwenye mzunguko wa sm 180 na urefu wa sm 165 ana takriban kilo 450. Huyo anahitaji kama 2% ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 9 za chakula kisicho na maji. Nyasi kavu bado hubeba unyevu wa karibu 10%, kwa hiyo mpimie kilo 10. Usishuke chini ya 1.5% bila ushauri wa daktari wa mifugo, hata kama farasi amenenepa. Na usihesabu marobota. Robota moja lina kilo 10, jirani yake lina 15. Mizani ya ndoano inayoning'inizwa ndiyo isemayo kweli.

Kinachofuata ni saa za kulisha. Tumbo la farasi ni dogo na hutoa asidi usiku na mchana, lakini mate ya kuipooza hutoka anapotafuna tu. Kilo moja ya nyasi kavu humtafunisha kama dakika 40. Kilo ya nafaka ya oti, dakika 10 hivi. Saisi, yaani mtunza farasi, akitupa nyasi zote alfajiri, farasi huyo atamaliza mapema na kusimama na tumbo tupu usiku mzima, na hapo ndipo vidonda vya tumbo na tabia ya kuguguna mbao huanzia. Mpe kilo 2.5 asubuhi, 2.5 mchana na 5 usiku, hizi za usiku zikiwa kwenye wavu wa matundu madogo ili azile polepole. Za mchana usizimwage juu ya udongo: atameza mchanga, mchanga utatuama utumboni na kuleta msokoto wa tumbo. Tandika mkeka wa mpira.

Nyasi ninazoziamini ni Boma Rhodes zilizokatwa zinapoanza kutoa maua, zenye ukijani na harufu tamu. Zikiachwa hadi zikomae mbegu, unanunua mabua. Kati ya zile kilo 10, kilo 2 ziwe lusini (alfalfa), kwa ajili ya protini na kalsiamu. Kishawishi kikubwa ni nyasi ya nepia, kwa sababu inauzwa kila mahali kwa ajili ya ng'ombe. Nepia, setaria na nyasi ya Kikuyu zina oksaleti, ambayo hufunga kalsiamu tumboni isitumike. Ng'ombe huivunja oksaleti kwenye tumbo lake la kwanza. Farasi hana tumbo hilo. Akizila kwa miezi, mwili huchota kalsiamu mifupani, mifupa ya uso huvimba na mnyama huanza kuchechemea bila jeraha. Pumba za ngano humfikisha palepale kwa njia nyingine: fosforasi yake ni kama mara kumi ya kalsiamu. Nusu kilo kwa siku pamoja na lusini haina neno, ndoo nzima ni hatari.

Nyasi zikitosha na bado anapungua baada ya wiki nne, hapo ndipo uongeze nguvu. Kilo moja ya oti kwa mlo, mara mbili kwa siku, inamfaa huyu wa kilo 450. Ukizidisha kwa mlo mmoja, wanga hupita bila kusagwa, huchachia kwenye utumbo mpana na kuleta msokoto au kuvimba kwato. Usipime kwa kopo: kopo la mahindi lina nguvu karibu mara mbili ya kopo la oti. Mimi ningeanza na mafuta ya kupikia kabla ya kuongeza nafaka. Anza na ml 50 kwa siku, panda taratibu hadi ml 250 ndani ya wiki tatu. Hizo ni sawa na karibu robo tatu ya kilo ya oti, bila wanga hata kidogo.

Chakula cha kuku au cha ng'ombe kisiingie zizini kabisa. Baadhi yake hutiwa monensini, dawa inayoharibu misuli ya moyo wa farasi na kumuua hata kwa kiasi kidogo. Mahindi yenye ukungu nayo huweza kuwa na sumu ya fumonisini, inayoozesha ubongo.

Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo aliyekosa malisho hunywa zaidi: mwekee lita 40 au zaidi na usafishe ndoo kila siku. Chumvi ya kawaida, gramu 45 kwa siku, humfanya anywe. Vitamini E hupotea nyasi zinapokaushwa. Mpe yuniti za kimataifa (IU) 500 hadi 1,000 kila siku, na zaidi kama anapata mafuta.

Pima tepi kila wiki mbili, asubuhi kabla hajala, mtu yuleyule. Pitisha pia vidole ubavuni: mbavu zipapasike kwa urahisi lakini zisionekane. Ukikuta vidonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu vimeanguka chini, usiongeze chakula. Mwite daktari akague meno, na upeleke kinyesi kikapimwe minyoo. Shehena mpya ya nyasi ikifika, ichanganye na ya zamani kwa siku kumi, hivyo agiza kabla ghala halijaisha.