Mzee Chu na Chakula cha Shan-Shan

Nimeitazama na baba filamu ya Ang Lee ya mwaka 1994, Eat Drink Man Woman. Baba ni mpishi mstaafu wa hoteli hapa Mombasa. Mzee Chu wa kwenye filamu naye ni mpishi mkuu wa Taipei, Taiwan, amefiwa na mkewe, ana mabinti watatu, na ulimi wake haupati tena ladha. Kila Jumapili anawaandalia karamu, nao wanakula kwa kujilazimisha. Mapenzi ya mabinti nayapita.

Kilichonishika ni mtoto wa jirani, Shan-Shan. Mama yake si hodari jikoni, basi mzee anampelekea chakula kizuri shuleni, kisha yeye anakila kile alichopika mama. Wanafunzi wenzake nao wakaanza kuagiza vyao! Uso wa mzee unachangamka pale kuliko hotelini kwenye wageni wakubwa.

Baba akanisimamisha: “Mwanangu, mpishi anataka mtu mwenye njaa. Sifa baadaye.”

Jumamosi akawasha jiko la makaa, akawaita watoto wa mtaani kwa mahamri na mbaazi za nazi. Sijamwona hivyo tangu astaafu. Wiki hii ameniagiza nazi na iliki zaidi, na nitampelekea.